Chuo Kikuu Kitembelewe Kabla ya Julai

Leo nataka nizungumze na vijana wa kidato cha tano na cha sita, na hata wa kidato cha nne, pamoja na wazazi na walimu wao. Jambo lenyewe linahusu tarehe: ni lini mtu aende kukiona chuo kikuu kabla ya kuomba kujiunga nacho? Wengi hatulipi uzito swali hili. Tunasema chuo ni chuo, ukichaguliwa utakwenda, ukifika utazoea. Mimi naamini kwamba kijana anayekiona chuo mapema huomba kwa macho yake mwenyewe, na anayechelewa huombewa na wengine, hata kama jina kwenye fomu ni lake.

Tuitazame kalenda kwanza. Mwaka 2024 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha sita Jumamosi, tarehe 13 Julai. Jumatatu yake, tarehe 15, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ikafungua dirisha la udahili la awamu ya kwanza. Siku hiyo hiyo yakaanza Maonesho ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, yakaendelea hadi Jumamosi tarehe 20. Dirisha la awamu ya kwanza likafungwa tarehe 10 Agosti. Tangu kijana ajue alama zake hadi dirisha kufungwa, zilipita wiki nne tu. Na ndani ya wiki hizo Bodi ya Mikopo nayo ilikuwa inapokea maombi yake: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, fomu isainiwe serikali ya mtaa, ipelekwe kwa hakimu au wakili, iambatishwe, itumwe. Familia inayoanza kuulizana habari za vyuo katikati ya shughuli hizo haina nafasi ya kusafiri kwenda kuona chochote.

Lipo na jambo la pili. Tangu mwaka 2013, wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwenye mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria. Mtihani huisha Mei, na kufikia Juni vijana huwa wanaripoti makambini: Ruvu, Makutupora, Mafinga, Oljoro, Bulombora na kwingineko. Kwa hiyo Julai, vyuo vinapopanga mabanda Mnazi Mmoja, wengi wa vijana wanaohusika wako kambini wamevaa kombati, na simu zao zimebaki nyumbani. Anayeshughulikia maombi ni mama, au kaka mkubwa, au shangazi anayeishi mjini.

Na mnajua anaishia wapi. Anaishia steshenari. Ananyoosha karatasi yenye namba ya mtihani, anasema, "Mwanangu, nisaidie kumwombea mdogo wako chuo." Yule kijana wa steshenari ana foleni ya watu nyuma. Anauliza, "Alisoma nini?" Anajibiwa, "HGL." Anasema, "Basi mama tuweke ualimu hapa, na hii ya maendeleo ya jamii, hizi huwa zinatoka." Anabonyeza, anachapisha, anapokea hela yake, anamwita anayefuata. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa amefanya kazi aliyopewa. Lakini katika dakika zile chache imepangwa miaka mitatu au minne ya maisha ya mtu, na mwenyewe hayupo, na aliyempangia hajawahi kufika kwenye chuo alichokiandika.

Sasa mtu ataniuliza: je, maonesho ya Mnazi Mmoja hayana faida? Yana faida kubwa, na anayeweza kwenda aende. Pale utakuta vyuo vya serikali na vya binafsi, vya bara na vya Zanzibar, mahali pamoja. Utaikuta TCU yenyewe, Bodi ya Mikopo na taasisi nyingine za elimu. Kama jina lako halilingani kwenye vyeti viwili, kama una stashahada na hujui GPA yako inakupeleka wapi, kama fomu ya mkopo imekwama, hapo ndipo utampata ofisa aliyekaa mezani kwa ajili yako. Tatizo ni kwamba wengi huyatumia maonesho kuanzia safari, wakati yalipaswa kutumika kuikamilisha. Bandani utapewa kipeperushi chenye picha ya jengo zuri kuliko yote chuoni, na utazungumza na mtu aliyeletwa kwa sababu anajua kukisifia chuo chake. Vingine hutoa udahili papo kwa papo, ukaondoka umeshajaziwa fomu kabla hata hujafika banda la tatu. Mtu hanunui shamba bila kukanyaga udongo wake, na mnunuzi makini hulitazama wakati wa mvua na wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo swali la lini lina majibu matatu, kulingana na darasa ulilopo.

Jibu la kwanza ni la kidato cha nne. Huku ndiko mlango wa chuo unakofunguliwa au kufungwa, na wengi hawajui. Utamkuta binti Mnazi Mmoja, amemaliza kidato cha sita, ana alama nzuri, amefuatana na mama yake. Anasimama kwenye banda la chuo cha afya. "Shikamoo." "Marahaba, binti, karibu. Unapenda kusoma nini?" "Udaktari." "Hongera. Umesoma tahasusi gani?" "CBG." Yule ofisa anashusha pumzi. Udaktari wa binadamu unataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Binti alisoma jiografia mahali pa fizikia. Ana njia nyingi nzuri mbele yake, kuna kilimo, misitu, wanyamapori na mazingira, lakini ile aliyoiota tangu darasa la tano aliiacha siku alipojaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, bila kumuuliza mtu. Laiti angefika chuo cha afya hata mara moja akiwa kidato cha nne, angeliambiwa. Na baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI hutoa nafasi ya kubadilisha tahasusi kwa njia ya mtandao. Nafasi hiyo ina maana kwa yule tu anayejua anabadilisha kwa sababu gani.

Jibu la pili ni la kidato cha tano, na ndilo ninalolitilia mkazo zaidi. Kidato cha tano ndio mwaka wa kutembelea vyuo. Una likizo ya Desemba na una likizo ya Juni, kabla hujaingia kidato cha sita. Tazama jinsi kalenda zinavyokutana. Vyuo vikuu vyetu hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba, na muhula wa pili hufikia ukingoni Julai. Mapema Desemba, shule zinapofungwa, vyuo bado vinafundisha. Juni vivyo hivyo. Ukienda wakati huo utakikuta chuo kikiwa kazini: madarasa yamejaa, maabara zinatumika, foleni ya chakula ndefu, wanafunzi wanakimbilia kipindi. Ukienda Agosti au Septemba utakuta majengo na walinzi. Wanafunzi wako makwao au kwenye mafunzo kwa vitendo, wahadhiri wengi hawapo. Utarudi nyumbani ukisema chuo kina utulivu, kumbe umekiona kikiwa likizo.

Zipo pia wiki za kuepuka. Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo ni ya usajili, kila ofisi ina vurugu zake na hakuna atakayekusikiliza. Wiki za UE, mitihani ya mwisho wa muhula, wanafunzi hawana muda wa kusimama na mgeni. Chagua siku ya katikati ya juma, Jumanne hadi Alhamisi. Fika asubuhi, na kama unaweza ubaki hadi jioni, kwa sababu jioni ina habari zake, kama nitakavyoeleza.

Jibu la tatu ni la kidato cha sita. Kwako muda ni mfupi, lakini haujaisha. Likizo ya Desemba ndiyo ya mwisho kabla ya mtihani wa Mei. Tumia siku moja tu, kisha rudi kwenye vitabu. Halafu kabla hujaripoti JKT, kaa na mzazi au ndugu atakayeshughulikia maombi, mwandikie kwa mkono wako kozi unazozitaka kwa mpangilio, pamoja na chuo na sababu. Akienda steshenari Julai, aende na karatasi hiyo mkononi. Mwachie na maelekezo kuhusu uthibitisho: anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo kimoja, na asiyethibitisha kwa wakati anaweza kuikosa nafasi aliyokwisha kuipata. Namba ya simu iliyojazwa kwenye fomu iwe ya mtu anayepokea na kusoma ujumbe wake.

Msikilizaji, sasa tuseme umefika chuoni. Utazame nini?

Kwanza, hakikisha umefika kampasi yenyewe. Mtu anayeomba ualimu wa sayansi Chuo Kikuu cha Sokoine anaweza kufikiria atasoma pale kampasi kuu, chini ya milima ya Uluguru. Masomo hayo yako Mazimbu, upande mwingine wa mji wa Morogoro, kwenye majengo yaliyojengwa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Leo inaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Ni mahali pazuri pa kusomea, lakini ni vyema ukapajua kabla. Vivyo hivyo Mkwawa iliyoko Iringa na DUCE iliyoko Chang'ombe ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maisha ya Iringa na ya Chang'ombe hayafanani. Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kimetawanyika juu ya vilima. Kule, kujua ndaki yako iko wapi na utalala wapi ni sehemu ya kujua utachoka kiasi gani.

Pili, nenda kwenye idara ya kozi yako. Usiishie ofisi ya udahili. Uliza: maabara ni ipi, naomba kuiona. Mafunzo kwa vitendo wanafunzi huenda wapi, na nani huwatafutia nafasi? Kisha mtafute mwanachuo wa mwaka wa pili wa kozi ile ile. Wa mwaka wa kwanza bado anashangaa, wa mwisho anakumbuka mazuri tu. Wa mwaka wa pili ameonja. Muulize somo gani linawapa watu sapu, yaani mtihani wa marudio, na wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli, hudisko kwa sababu gani. Atakueleza bila kuficha, tena utapata na ushauri wa bure wa kujiandaa.

Tatu, malazi. Hosteli za chuo huchukua wangapi wa mwaka wa kwanza? Wanaokosa hupanga wapi, na geto la chumba kimoja hapo jirani ni shilingi ngapi kwa mwezi? Uliza kuhusu kubebana, yaani wanafunzi wawili kulala kwenye kitanda cha mmoja. Jibu utakalopata litakuambia hali ya malazi vizuri kuliko kipeperushi chochote.

Nne, chakula na hela. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023, fedha za chakula na malazi zinazotolewa na Bodi ya Mikopo, hilo bumu tunalolisikia, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa mnufaika. Ingia mgahawani, agiza wali maharage, lipa, ule. Piga hesabu ya milo ya siku, ongeza nauli na chumba. Hapo utajua kama elfu kumi inatosha mahali pale au mzazi atahitaji kuongeza, na mzazi ataanza kujipanga mapema badala ya kushtukizwa Novemba.

Tano, jioni. Maktaba mpya ya Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, inaweza kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ni fahari ya nchi. Lakini binti anayesoma humo hadi usiku anahitaji kujua njia ya kurudi hosteli ikoje: ina taa, ina watu, kuna daladala saa hizo? Swali hilo lina uzito kwa kila chuo, na hujibiwa kwa kuitembea njia yenyewe. Na kama una ulemavu, tazama kama kiti cha magurudumu kinafika kwenye ukumbi wa mihadhara na kwenye choo, na uliza kama kuna mkalimani wa lugha ya alama. Ni haki yako kuuliza kabla, na majibu uyapate kwa kuonyeshwa.

Najua wako wanaosema: haya yote ni ya watoto wa mjini. Sisi tuko Ngara, tuko Tandahimba, nauli ya kwenda kutalii vyuo tutaitoa wapi? Ni hoja ya kweli na inastahili jibu la kweli. Si lazima uvione vyuo vyote. Kione kimoja, kilicho karibu, hata kama si kile unachokitaka. Mwanza kuna Mtakatifu Augustino pale Malimbe, na chuo cha afya pale Bugando. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika na kile cha KCMC. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa kuna Mkwawa. Mtu akishakaa siku moja kwenye chuo chochote kikuu, anajua maswali ya kuuliza kwa vingine vyote, hata kwa simu. Unganisha pia safari zako. Ukimsindikiza bibi hospitali ya Bugando au Muhimbili, chuo kiko hapo hapo jirani. Ukipita Morogoro au Dodoma ukielekea shuleni, omba ruhusa ushuke mapema kidogo. Aliyeko Dar es Salaam, tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Morogoro kwa muda wa kama saa mbili, hivyo anaweza kuiona Sokoine na kurudi kulala kwao. Na wakati wa likizo ndefu ya vyuo, wanachuo wanarudi vijijini. Mwalimu mkuu, mwite mhitimu wako mmoja aliye mwaka wa pili chuoni, aje akae na kidato cha sita mchana mmoja. Atakuja kwa furaha.

Kabla ya safari yoyote, fungua Mwongozo wa Udahili wa TCU. Hutolewa kila mwaka, mmoja kwa wenye sifa za kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada, na hupatikana bure kwenye tovuti ya Tume. Kozi isiyokuwamo kwenye mwongozo usiipotezee nauli. Kiwango cha chini kwa kozi nyingi ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili, au C na E, katika masomo yanayotambuliwa na kozi husika. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba, na kwenye kozi zenye ushindani hakitoshi kupata nafasi. Mwongozo wa mwaka uliopita unakutosha kuanzia. Ukitoka mpya, linganisha.

Kwa wenye vyuo nina ombi la pekee. Uingereza, vyuo vikuu hufungua milango kwa wanafunzi wa sekondari mwezi Juni na tena kati ya Septemba na Oktoba, ilhali mwisho wa kuomba kozi nyingi ni Januari na masomo huanza Septemba inayofuata. Kijana wa kule anaweza kukiona chuo zaidi ya mwaka mzima kabla ya kukianza. Sisi tunayo nguvu ya kufanya hivyo bila gharama kubwa. Kila chuo kitenge siku moja mapema Desemba na siku moja ya Juni, kiitangaze redioni na mashuleni, kifungue madarasa na maabara vikiwa kazini, na kiwaache wanafunzi wenyewe wawatembeze wageni. Maonesho ya Julai yaendelee kama yalivyo. Kijana atakayefika Mnazi Mmoja baada ya kuwa ameshakanyaga chuoni atakuwa na maswali ya mtu mzima.

Na kwako, mzazi: Desemba ikifika, mtoto wako wa kidato cha tano akirudi likizo, mpe nauli ya siku moja na umruhusu aende na mwenzake. Kama unaweza, nenda naye. Wewe kijana, ukishafika na kuona, andika ulichokiona siku hiyo hiyo, uweke karatasi mahali pa salama, kwa sababu Julai utakuwa kambini na karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako. Anzeni kupanga safari hiyo wiki hii.